Sahihi Mbili

SEHEMU YA KWANZA

“Punguza utambi, mafuta yanakwisha,” mama alisema. “Redio haihitaji taa.”

Karani wa stesheni akapunguza. Wakabaki gizani watu watatu na sauti moja: yeye mwenyewe, mama yake, na mjomba aliyeshuka asubuhi kutoka Mbete na mkungu wa ndizi begani. Nje, Bigwa nzima ilikuwa kimya. Majirani walikuwa wameegemea ukuta wa nyumba hiyo, kwa sababu Philips ya karani ndiyo iliyokuwa redio pekee yenye betri mpya.

Ilikuwa Septemba 1965. Kwa mara ya kwanza tangu Tanganyika iungane na Zanzibar, watu wa Bara walikuwa wamepiga kura kuchagua wabunge, na walikuwa wamepiga kwa namna ambayo haijapata kuonekana. Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini kila jimbo lenye ushindani lilipewa wagombea wawili. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja na kuhutubia mkutano mmoja, kwa Kiswahili, na walikatazwa mambo matatu: kabila, dini na rangi. Kwa sheria hiyo, jambo ambalo kila mtu alikuwa nalo tumboni hakuna aliyeruhusiwa kulitamka jukwaani, kwa hiyo likatamkwa kila mahali pengine, kilabuni, kisimani na chini ya miembe.

Morogoro, mji kasoro bahari kama wenyewe wanavyojisifu, ilikuwa na sababu ya kulitamka kuliko majimbo mengi. Mgombea mmoja alikuwa Mwafrika. Mwingine alikuwa Amir Habib Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza.

“Mjomba, hujatuambia,” karani alianza. “Ulitia alama wapi?”

“Kura ni siri. Serikali imesema.”

“Mimi ni mpwa wako.”

“Ndiyo maana sikwambii.”

Mama alicheka gizani, lakini hakumwachia kaka yake. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba huzidi la baba. Dada wa mjomba, hata hivyo, ana haki zake.

“Mimi nasema waziwazi,” alisema. “Mimi nimempa mtu wetu. Siwezi kumpa ubunge mtu ambaye babu yake hakuzikwa huku.”

Mjomba alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza: “Mgeni akija kuomba shamba kwenye ardhi ya ukoo wetu, tunamuuliza alikozikwa babu yake?”

“Shamba ni shamba.”

“Tunamwangalia analimaje. Akitoa ngoto yake, ile ada ya shamba, kila mavuno, analima yeye na wanawe. Asipotoa, anaondoka, hata akiwa Mluguru wa Kinole.”

Huyu mzee hakuwa mpole wa siasa. Miaka kumi nyuma, serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha watu wa Uluguru kuchonga miteremko yao iwe matuta ya ngazi, kwa mpango uliokuja na mabwana shamba, faini na vitisho, alikuwa mmoja wa waliogoma. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, upande wa pili wa milima, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Baada ya Matombo haikuhitaji kuwabembeleza Waluguru ili wasikilize. Mtu aliyepita katika hayo hapimi kiongozi kwa ngozi, kwa sababu ameshawaona majumbe wa ngozi yake mwenyewe wakimwandikia faini.

“Nyamazeni!” mtu alinong'ona kutoka nje.

Mtangazaji alikuwa amefika Morogoro. Jamal alikuwa ameshinda. Nje mtu alipiga kofi moja, akasita, kisha yakafuata mengine mengi. Mama hakusema neno. Mjomba alitafuta tumbaku yake.

Kisha ikaja habari ya Mwanza, na hapo hata waliokuwa wakipiga makofi walinyamaza. Paul Bomani, mtu aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma kwenye ushirika mpaka jina lake likawa kubwa ziwani kote, Waziri wa Fedha wa nchi nzima, alikuwa ameanguka. Watu wake mwenyewe walikuwa wamemwangusha. Morogoro ilikuwa imemchukua mzaliwa wa Mwanza asiyekuwa wa ukoo wowote wa huku, na Mwanza ilikuwa imemtupa mtu wake.

“Sasa Hazina nani anakaa?” karani aliuliza.

Siku chache baadaye watu wale wale waliegemea ukuta ule ule. Rais alikuwa ametangaza Baraza la Mawaziri, na majina yalikuwa yakisomwa moja moja. Sauti ya Philips ilikuwa imeanza kukwaruza. Karani aliitoa betri moja, akaisugua kwenye kaptula, akairudisha.

“Waziri wa Fedha,” alisema mtangazaji, “ni Ndugu…”

Redio ikazimika.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Bomani ameanguka Mwanza, Hazina iko wazi, na redio ya karani imezimika kabla jina halijatajwa. SASA ENDELEA.

Jina lilifika asubuhi, kwa treni. Gadi wa treni ya Dar es Salaam aliruka kabla mabehewa hayajasimama vizuri, akamkuta karani dirishani.

“Mbunge wenu amepewa funguo za Hazina!”

Ilikuwa kweli. Jamal alikuwa Waziri wa Fedha. Bomani hakutupwa nje, kwani Nyerere alimrudisha serikalini kusimamia mipango ya uchumi, lakini funguo zilikuwa zimehama, kutoka kwa mtu wa Mwanza aliyekataliwa Mwanza kwenda kwa mzaliwa wa Mwanza aliyekubaliwa Morogoro.

Turudi nyuma kidogo, maana mtu huyu hakuanguka kutoka juu ya mlima Bondwa. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat. Alipelekwa kusoma India, akasoma uchumi Calcutta, na akawa huko miaka ile ambayo Gandhi na chama cha Congress waliwaambia Waingereza waondoke, 1942. Kijana wa miaka 20 anayeliona jambo kama hilo hawezi kurudi nyumbani akaridhika kupima vitambaa kwa yadi. Aliporudi Tanganyika alijikuta karibu na Julius Nyerere, na ukaribu huo haukukatika mpaka mwisho.

Mwaka 1958 Waingereza waliweka uchaguzi wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Asiyefanya hivyo, kura yake imeharibika. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi Tabora, Januari mwaka huo, wakubali mtego na kuugeuza: kama lazima tuchague Mhindi na Mzungu, basi tuwachague walio upande wetu. Yeye mwenyewe alisimama Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake, na aliyesimama dhidi yake hakuwa mgeni: alikuwa Patrick Kunambi, chifu wa Kiluguru. Nyerere akamshinda mwana wa milima kwenye milima yake. Kwa hiyo Morogoro ilikuwa imeanza zamani kumtazama mgombea kabla ya kuutazama ukoo wake.

Jamal aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi huo, akiungwa mkono na TANU. Julai 1959 Gavana akateua mawaziri watano kutoka kwa waliochaguliwa: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na yeye. Miji na majengo ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya kwanza. Kutoka hapo mpaka 1965 tupite haraka. Ilikuwa miaka ya barabara, umeme na mafaili.

Hazina ilikuwa jambo jingine. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado zinatumia shilingi moja, na Juni 1965 zilikuwa zimetangaza kwamba kila moja itachapa yake. Mtu aliyepewa kazi ya kuizaa shilingi ya Tanzania alikuwa huyu, pamoja na kijana mmoja wa Marangu, Edwin Mtei, aliyeteuliwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Benki ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966.

Noti ya kwanza ya shilingi kumi iliingia nyumbani kwa karani ikiwa kavu, ya kijani, na picha ya Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Mama aliigeuza, akainusa.

“Ile ya jahazi imekwenda wapi?”

“Imeondolewa, mama. Hii ndiyo yetu.”

“Nani kasema ni hela?”

Karani akamwonyesha. Pale chini palikuwa na sahihi mbili, moja kando ya nyingine, moja ya Waziri wa Fedha na moja ya Gavana. Jamal na Mtei. Mama hakujua kusoma, lakini alizitazama zile kamba za wino kwa muda mrefu.

“Hii ni ya yule wa jembe na nyumba?”

“Ndiyo. Mbunge wetu.”

Hakusema tena kuhusu babu aliyezikwa wapi. Aliifunga noti kwenye pembe ya kanga na kuitia ndani ya kibubu, na karani alijua haitatoka humo.

Karani mwenyewe aliweka akiba yake benki, mjini, katika jengo lenye sakafu iliyopigwa nta ambapo meneja Mzungu alimwita “bwana” akimaanisha “harakisha”. Alikuwa na mpango wa bati. Alikuwa amebakiza kidogo tu.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Siku ya pili yake Nyerere akasema benki zote sasa ni mali ya umma. Karani aliisikia habari hiyo akiwa kazini, mkono mmoja ukiwa kwenye mashine ya tiketi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wazungu wameondoka na vitabu vya hesabu. Wazungu wameondoka na funguo. Wazungu wamechoma hela.

Alfajiri alikuwa mlangoni mwa benki, na hakuwa wa kwanza. Foleni ilikuwa imeshapinda kona. Saa mbili kamili ikafika, mlango haukufunguliwa. Saa mbili na robo. Kisha watu wa mbele wakaanza kurudi nyuma, wakimkanyaga, na kwa juu ya mabega yao akaona kilichowarudisha.

Mlangoni palikuwa pamesimama askari wenye bunduki.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Benki zimetaifishwa, karani yuko kwenye foleni, na askari wamesimama mlangoni. SASA ENDELEA.

Askari walikuwa wamekuja kulinda, wala hawakumgusa mtu. Mlango ulifunguliwa. Karani alipata hela zake zote, akazihesabu mara mbili, akaona haya, akazirudisha nusu.

Dar es Salaam hali ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana kwenye foleni ya Morogoro. Benki za kigeni ziliwaondoa watu wake, na Benki ya Taifa ya Biashara ilizaliwa mikononi mwa wachache waliojua kazi. Amon Nsekela, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina chini ya Jamal, ndiye aliyepelekwa kuiongoza. Wengi London waliamini itakufa kabla ya mvua za masika. Haikufa. Ukiniuliza mimi, hayo ndiyo yaliyokuwa mafanikio makubwa ya Jamal, na ndiyo yasiyosimuliwa, maana nani anasimulia habari ya benki iliyofunguliwa saa mbili na robo?

Jaribio lake kubwa lilikuja kwa mlango mwingine.

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikawa ya serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi. Lakini nenda Dar es Salaam, nenda Tanga, Moshi au Morogoro mjini, uliza ghorofa zile za miaka ya thelathini na arobaini, zenye majina ya Kigujarati na tarehe juu ya mlango, zilikuwa za nani.

Mwenye duka la vitambaa ambako karani alinunulia sare za watoto alikuwa na ghorofa moja. Chini duka, juu wapangaji wawili. Alikuwa ameijenga baba yake.

“Bwana karani,” alisema siku ile, bila kuinua macho kwenye yadi yake ya mbao, “huyu Jamal wenu amekaa pale Hazina anatazama tu?”

“Wetu? Si wenu?”

“Sisi tukimwita wetu hageuki. Nyinyi ndio mliomchagua.”

Karani alitafuta la kujibu. Alitaka kusema kwamba mtu aliyechaguliwa na Waluguru hawezi kuwa waziri wa mtaa mmoja wa maduka. Alitaka pia kusema kwamba kumnyang'anya mtu nyumba ya baba yake ni kumnyang'anya. Yote mawili aliyaamini, kwa hiyo akanunua kitambaa na kuondoka bila kudai chenji.

Mwaka uliofuata duka lilifungwa. Familia ilikwenda Canada, kama familia nyingi zilivyokwenda, Canada au Uingereza. Jamal hakujiuzulu wala hakuhama. Alikuwa ameamua zamani kwamba yeye ni Mtanzania tu, basi, na uamuzi huo una gharama ambazo mtu asiyekuwa wa jamii ya wachache hawezi kuzihesabu. Majirani wa zamani wa baba yake walimwona msaliti. Baadhi ya makada wa chama, nyuma ya mgongo wake, waliendelea kumwona Mhindi. Na niseme mapema, wasomaji wanisamehe kwa kuruka mbele: naye mwisho wake alifia Canada, Vancouver, Machi 1995. Tutafika huko, kama tutafika.

Mwaka 1972 alitolewa Hazina akapewa biashara na viwanda. Mwaka 1975 akarudishwa Hazina, njaa ikiwa imekwangua akiba ya fedha za kigeni na mafuta yakiwa yamepanda bei. Mwaka 1977 akatolewa tena.

Mwaka huo ndio uliomgusa karani moja kwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na reli aliyoitumikia tangu ujana ilikuwa ya Jumuiya. Injini zilizokuwa Nairobi zilibaki Nairobi. Barua za mishahara zilikuja na muhuri wa shirika ambalo halipo. Katibu Mkuu wa Jumuiya hiyo iliyokuwa inakata roho alikuwa nani? Edwin Mtei, yule wa sahihi ya pili. Nyerere akamtoa kwenye mabaki ya Jumuiya akamweka Hazina. Jamal naye akatolewa Hazina akawekwa Mawasiliano na Uchukuzi, akaokote mabaki yale yale: reli, bandari, simu, ndege. Walipishana mlangoni.

“Kwa hiyo sasa mbunge wetu ni bosi wako,” mama alisema. Alikuwa amezeeka, na macho yalikuwa yameanza ukungu.

“Amekuwa bosi wa reli isiyo na injini.”

“Mpe muda. Atalima.”

Muda haukuwepo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Kampala ikaanguka Aprili 1979, na vita ikaisha kwa ushindi, na kwa deni. Mafuta yakapanda bei kwa mara nyingine mwaka huo huo. Hazina ilikuwa imekauka, na Mtei, mtu wa benki mpaka kwenye mifupa, aliona njia moja tu, nayo ilipita kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti yao yalikuwa yale yale wanayoyapeleka kila mahali, na la kwanza lilikuwa kushusha thamani ya shilingi.

Ile shilingi yenye sahihi zao mbili.

Mwishoni mwa 1979 Mtei aliwapeleka wajumbe wa IMF kwa Mwalimu. Mazungumzo yakaisha kwa hasira. Nyerere alikataa nchi yake iendeshwe kutoka Washington, na Mtei alikataa kubaki waziri wa jambo asiloliamini. Aliandika barua ya kujiuzulu.

Hivyo ndivyo Hazina ilivyobaki wazi, ghala likiwa tupu na wadai wako mlangoni. Kila mtu mwenye akili timamu Dar es Salaam alikuwa akiomba simu yake isilie.

Simu ya mtu mmoja ikalia.

ITAENDELEA

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Mtei amejiuzulu, na simu imelia. SASA ENDELEA.

Jamal akaingia Hazina kwa mara ya tatu.

Tarehe 1 Januari 1980 Nyerere aliwaalika mabalozi kwa salamu za mwaka mpya, na badala ya salamu akawauliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Maneno hayo yalishangiliwa kutoka Kingston hadi Algiers. Lakini mtu aliyetakiwa kesho yake kwenda kukaa mezani na hao hao waliotukanwa alikuwa Jamal. Sijui kama iko kazi ya siasa ngumu kuliko hiyo: bosi wako amefunga mlango kwa kishindo, na wewe unapita dirishani na mkoba, ukitabasamu, kuomba mkopo.

Na yeye hakuwa mwombaji wa kawaida. Alikuwa amekaa kwenye Tume ya Willy Brandt iliyoandika kuhusu matajiri wa Kaskazini na maskini wa Kusini. Katikati ya 1980 Arusha ilipokea mkutano wa kudai mfumo mpya wa fedha duniani. Na kwa kejeli ambayo hakuna mtunzi wa hadithi angethubutu kuitunga, mwaka huo huo zamu ya kuwa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia ilikuwa ya Tanzania. Hivyo mtu aliyekuwa anadaiwa ndiye aliyeshika nyundo ya kikao. Aliitumia. Wapalestina wa PLO walitaka kuhudhuria kama watazamaji, Marekani haikutaka hata kusikia, na Jamal akasimama upande wa Wapalestina mpaka suala lile likatikisa taasisi zote mbili.

Septemba akapata mkataba na IMF. Miezi michache baadaye ulikuwa umevunjika, serikali ikiwa imepita mipaka ya matumizi iliyowekewa.

Morogoro, mambo haya yalifika kwa namna ya sabuni, yaani kwa namna ya kukosekana kwa sabuni. Na sukari. Na dawa ya mswaki, na betri za ile Philips. Mjomba alishuka kutoka Mbete akiwa amevaa katambuga za tairi, akasimama na mpwa wake kutazama kiwanda kipya cha viatu. Benki ya Dunia ilikuwa imekikopesha. Kilijengwa kitoe jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini, bila madirisha ya kupitisha hewa, katika mji ambao Januari mbwa hulala majini.

“Vitauzwa Ulaya?” mjomba aliuliza.

“Ndiyo.”

“Na sisi?”

Karani alitazama katambuga za mzee. Kiwanda hicho hakikupata kufikia hata asilimia tano ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Si haki kumbebesha Jamal peke yake mzigo huo, kwani waliochora ramani na waliotoa mkopo walikuwa wataalamu kutoka mbali waliotakiwa kujua kwamba Morogoro kuna joto. Lakini yeye alikuwa waziri wa viwanda wakati nchi ilipoanza kuota ndoto za namna hiyo, na alikuwa Hazina wakati madeni yake yalipoiva.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa amerudi kazini mwezi mmoja tu nyuma, alianza msako wa wahujumu uchumi. Usiku watu walitupa mitoni bidhaa walizozificha. Morogoro asubuhi moja vijana walitoka mtoni na miche ya sabuni iliyolowa, wakicheka, na mama wa karani, haoni tena, aliinusa mmoja akauliza ni mwaka gani.

Mwaka huo huo Cleopa Msuya akapewa Hazina. Jamal akatoka. Safari hii hakurudishwa.

“Ametoa ngoto yake,” mjomba alisema alipoletewa habari. Mama hakukubali wala hakukataa. Alimwomba karani avunje kibubu. Noti ya kijani ilikuwa bado humo, na shilingi kumi zile, ambazo 1966 zingenunua mambo, sasa zisingenunua mche wa sabuni. Alimwambia airudishe.

Mjini watu walikuwa wameacha kuzungumza habari za Hazina. Mazungumzo yalikuwa juu ya kiti kikubwa zaidi. Mwalimu alikuwa amesema hatagombea tena urais mwaka 1985, na kilabuni, stesheni na sokoni, jina lilikuwa moja. Sokoine. Hata wafanyabiashara waliotupa sabuni mtoni walilitaja, kwa sauti ya chini. Yeye ndiye angeamua kama Tanzania itashusha shilingi au itafunga mkanda, kama watu wa Washington watafunguliwa mlango wa mbele au dirisha, na kama watu wa aina ya Jamal watakuwa na kazi serikalini au tiketi ya ndege ya kwenda kuwa mabalozi.

Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, karani alikwenda Dakawa kutafuta mchele. Alikuwa karibu kustaafu. Alipata gunia moja kwa bei ya kuruka, akalivuta mpaka kando ya barabara ya Dodoma na kukaa juu yake, akisubiri lori lolote litakalokubali kumpeleka mjini kabla ya giza. Hewa ilikuwa na unyevu wa masika. Muuza mahindi ya kuchoma alimwambia asihangaike, magari yatakuwa mengi leo, Bunge limekwisha Dodoma na wakubwa wanarudi Dar es Salaam.

“Na Sokoine?”

“Naye. Kwa barabara. Anakataa ndege.”

Walisikia pikipiki kabla ya kuziona. Kisha taa, saa ya jioni, taa nyingi, zikija kutoka upande wa Dodoma kwa kasi. Karani alisimama juu ya gunia ili aone vizuri gari lipi lilikuwa lake. Muuza mahindi alikuwa ameshainua mkono kupunga.

Ndipo karani alipogeuza shingo upande wa pili, upande wa Morogoro, kwa sababu alisikia injini nyingine. Land Cruiser ilikuwa inakuja, peke yake, ikielekea moja kwa moja kwenye msafara, na haikuwa inapunguza mwendo.

ITAENDELEA